Kwa nini hesabu huchelewa kuingia

Baadhi yetu hapa Likasi tunatunza hesabu za nyumba na za kanisa kwa kompyuta. Programu ya bure kama GnuCash huweza kuziweka katika faili la papo hapo, au katika hifadhidata ya MySQL au PostgreSQL iliyo mbali, tuseme Lubumbashi.

Tukiingiza miamala ya mwezi mzima kwa mara moja, ndipo ugumu huonekana. Haisafiri kama fungu moja. Kila muamala hutumwa peke yake na kungoja jibu. Tuchukue mfano: miamala 400, kila mmoja safari 5, kila safari sekunde 0.3. Hizo ni sekunde 600, yaani dakika 10. Kununua kompyuta yenye nguvu hakusaidii, maana kinachochelewesha ni njia.

Hatari ni haraka yetu. Tukifunga programu katikati na kuanza upya bila kukagua, sadaka moja yaweza kuandikwa mara mbili, na ndugu wakaacha kuaminiana.

Basi tuingize miamala kwanza katika faili la kompyuta yetu, tulinganishe jumla na daftari, ndipo tuihifadhi yote kule mbali, hata ikichukua muda. Uwakili mwema unataka subira.