Hogo Likitolewa, Kazi Ndiyo Inaanza
Masika yakikolea Tukuyu mkoani Mbeya au Kilolo mkoani Iringa, vijia vya shambani huteleza, na bibi anayeanguka hutanguliza kiganja, mfupa wa mkono ukaweza kuvunjika. Mvunjiko huo wa karibu na kifundo cha mkono ulielezwa na daktari Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814.

Hogo, yaani plasta ngumu inayoushikilia mfupa, hukaa wiki 5 hadi 6 hivi. Kosa kubwa ni kuulaza mkono mzima muda wote huo: vidole, kiwiko na bega vichezeshwe tangu mwanzo.

Likitolewa, kifundo huwa kigumu, ngozi imepauka. Mazoezi huanza taratibu: kukunja na kukunjua, kugeuza kiganja juu na chini, baadaye kukamua kitambaa chenye maji. Kuchuliwa kwa nguvu, hapana.

Vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.