Motokari za Umeme: Wakubwa Wanaamuru, Watu Wanasema Nini?

Vijana wengi wa Kolwezi wananiuliza: "Pasta, ni kweli Wazungu watakataza motokari za esanse? Kobalti yetu itapanda bei?" Si swali la mchezo. Kuko baba anayeuzisha kiwanja, na kuko mwanafunzi anayeacha masomo aende kuchimba, juu ya habari moja tu iliyosikiwa kwa radio. Basi tuangalie pamoja.

Mwaka 2022 jimbo la California, kule Marekani, liliamuru kwamba kuanza 2035 motokari mpya za esanse peke yake zisiuzishwe tena. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya nao ulikata sheria ya kufanana na hiyo. Lakini sikia vizuri: ni motokari mpya tu. Ile ya zamani, mwenyewe anaendelea kuitembeza. Hapa kwetu watu wanafikiri zitakamatwa barabarani, sivyo.

Na watu wenyewe, je? Mwaka 2023 Pew Research Center iliuliza Wamarekani kama wanakubali viwanda viache kutengeneza motokari za esanse kufika 2035. Watu 59 kwa 100 walikataa, 40 walikubali. Mwaka 2021 waliokataa walikuwa 51. Maana yake kadiri siku zinavyoenda, wanaokataa wanaongezeka.

Sababu ziko nyingi. Bei ni kubwa. Mwingine anaishi mbali na mji, anaogopa batri itakwisha njiani. Mwingine anapanga chumba katika nyumba ya gorofa, hana pa kuchomeka waya. Halafu kuko hasira ingine, na mimi naona njo kubwa kupita zote: mtu mzima hapendi kuamriwa. Huyo anayeweza kununua motokari ya umeme kwa mapenzi yake, mwambie ni lazima, atakataa.

Norveji walifahamu jambo hili. Hawakukataza esanse. Waliondoa kodi kwa motokari ya umeme, ile ya esanse wakaiachia kodi nzito. Mwaka 2024, motokari mpya karibu 9 kwa 10 zilikuwa za umeme. (Ni kweli pia kwamba ile inchi ina utajiri wa petroli, kusamehe kodi si shida kwao.) Etiopia, wao walikata kabisa: mwaka 2024 walikataza kuingiza motokari za esanse, juu petroli inawamalizia dola na umeme wa mito wanao.

Kwingine wakubwa wakaona wapiga kura wamekunja uso. Uingereza ilisema 2030. Mwaka 2023 Waziri Mkuu Sunak akasogeza mpaka 2035. Serikali iliyofuata ikarudisha 2030. Na California? Mwezi wa sita 2025 Rais Trump alitia sahihi kufuta ruhusa ambayo sheria yao ilisimama juu yake.

Sasa turudi kwetu. Tani ya kobalti ilipita dola 90.000 mwaka 2018. Mwaka 2019 ilianguka karibu na 30.000, na mwisho wa mwaka ule mgodi wa Mutanda ukasimamisha kazi. Kobalti ilikuwa nyingi tu. Mwezi wa pili 2025 serikali yetu yenyewe ilifunga kuitosha inje, na mwezi wa kumi ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Tena batri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata kidogo, mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya batri zote za motokari duniani.

Shaba ni habari ingine. Motokari ya umeme inaomba shaba nyingi kuliko ya esanse, lakini shaba inaingia pia katika waya za nyumba na za mashini, hata sheria ile ikivunjwa.

Kwa hiyo ukisikia mtu kwenye depo anasema, "Ulaya wamekata sheria, bei itapanda," umuulize: ni sheria gani, ya mwaka gani, na kama ingali inasimama.