Kwa Nini Magoti Yanauma, na Tufanye Nini

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye utume wa Jumapili parokiani, bibi mmoja alituambia ameacha kuja Misa. Magoti yake hayakunji tena, na akibaki ameketi wakati wa mageuzo, vijana wa nyuma hunong'ona. "Wanadhani nina kiburi, wajukuu zangu," alisema. Tulirudi seminarini na aibu, maana nasi tuliwahi kumtazama hivyo hivyo. Tukaamua kujifunza habari za goti.

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Si viungo vyote vinavyojongea. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kabisa, pingili za uti wa mgongo hujongea kidogo, na bega huzunguka pande zote. Goti hufanya kazi kama bawaba ya mlango: hukunja na kunyoosha, na likiwa limekunjwa huweza kuzunguka kidogo. Sisi wa falsafa tunakumbuka kwamba Aristotle aliandika juu ya jambo hili: ili sehemu moja ya kiungo isogee, sharti nyingine itulie.

Katika goti hukutana mfupa wa paja, mfupa wa muundi na pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, ambalo ni laini na huteleza ili mifupa isisuguane. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa, na kano hufunga msuli kwenye mfupa. Ndani mna ute unaolainisha yote.

Gegedu halina mishipa ya damu, ndiyo maana likiharibika hupona kwa shida. Chakula chake hukipata kutoka kwenye ule ute, nao huingia na kutoka tunapotembea, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiwa. Kwa hiyo kiungo kinachokaa bila kujongea hukosa lishe.

Wengi wetu huita maumivu yote ya viungo baridi yabisi, lakini magonjwa haya hayafanani. Linalowapata wazee wengi ni kulika kwa gegedu. Husababishwa na umri, uzito mkubwa na majeraha ya zamani. Goti huuma likitumika na hupata nafuu likipumzika. Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kushambulia utando wa viungo. Mara nyingi huanzia kwenye vidole vya mikono yote miwili, navyo hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Huwapata hata vijana, na tiba ya mapema huzuia ulemavu. Jongo huletwa na chembe za asidi ya uriki. Mara nyingi hushika kidole gumba cha mguu ghafla usiku, na pombe na nyama nyingi huchochea.

Nasi waseminari hatujasalimika. Kupiga magoti kwa muda mrefu huweza kuvimbisha vifuko vya ute vilivyo mbele ya goti. Waingereza wameuita uvimbe wa chini ya pia ya goti "goti la kasisi". Uwanjani nako, goti likipinda vibaya, likalia "pu" na kuvimba, huenda ligamenti imekatika. Tusimkande mwenzetu na kumrudisha mchezoni, bali apumzike, awekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na apelekwe kwa daktari.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na mgonjwa akawa na homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni bakteria, nao huweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu.

Kwa goti lililolika, dawa ya kwanza ni kujongea kwa kiasi. Tembea kila siku. Keti kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi tano, shusha, kisha rudia: misuli ya paja ikiwa na nguvu hulipunguzia goti kazi. Punguza uzito uliozidi, kwa sababu tukitembea goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Tusimeze diklofenaki kila siku bila kumwona daktari, kwani huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Kuhusu Misa, Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kiroma, namba 43, hayamlazimishi kupiga magoti mtu anayezuiwa na afya. Asiyeweza huinamisha mwili padre anapopiga goti baada ya mageuzo. Jumapili iliyopita tulikwenda nyumbani kwa bibi kumweleza hayo na kumwomba radhi. Tulimsihi pia aende zahanati akapimwe. Amesema atakuja. Tumemtengea nafasi mwisho wa benchi, mahali anapoweza kunyoosha mguu.