Zebaki: Sumu Isiyounguzwa Ikaisha

Magharibi ya Ghuba ya Mwanza, katika machimbo ya Geita, wachimbaji wadogo husaga mawe, huosha unga wake mialoni, kisha huutia zebaki. Metali hii ya majimaji hushikamana na punje ndogo za dhahabu, yakafanyika madonge ya rangi ya fedha. Donge likichomwa, zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Sentigredi na kuwa mvuke. Dhahabu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, hubaki.

Je, mvuke huo huenda wapi? Sehemu huingia mapafuni mwa mchomaji, ikadhuru ubongo na figo. Sehemu nyingine huanguka ardhini, na mvua huikokota pamoja na mchanga wa marudio hadi ziwani. Zebaki ni elementi: haiozi wala haiunguzwi ikaisha. Katika tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu kali zaidi. Vijidudu vya majini huipokea, dagaa hula vijidudu, sangara hula dagaa, na kwa kila hatua sumu huzidi kulimbikizana. Kupika samaki hakuiondoi, na anayedhurika zaidi ni mtoto aliye tumboni. Hayo yalidhihirika Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na samaki waliotiwa sumu na maji machafu ya kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956.

Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba samaki wengi wa Ziwa Viktoria walikuwa na zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Basi dawa iliyo bora ni kuikamata zebaki kabla haijafika majini. Chombo chake ni ritoti: chungu cha chuma chenye kifuniko kilichokazwa na bomba lipozwalo kwa maji. Mvuke hupoa bombani, ukarudi kuwa zebaki, tayari kutumika tena.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioridhiwa na Tanzania mwaka 2020, wataka kukomeshwa uchomaji wa madonge mahali pa wazi. Wataka pia marudio yenye zebaki yasitiwe sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa, kwani sayanaidi huiyeyusha na kuisafirisha mbali.

Kanuni ya ritoti ndiyo ile ya ukenekaji. Wanafunzi waweza kuithibitisha kwa maji ya chumvi. Zebaki yenyewe isiguswe darasani.