Kipepeo wa rangi ya chungwa: yupi mpita njia, yupi adui wa marando?

Ukitoka Kasese, ukaiacha barabara ya Mbarara pale Kikorongo na kushika ile ya Bwera, gari halikosi kusimama mahali: gurudumu, abiria, au gunia moja zaidi. Hapo kipepeo wa rangi ya chungwa hupita mbele ya uso wako, na jirani yako kwenye kiti akakwambia huyo ndiye anayemaliza viazi. Mara nyingi si kweli. Lakini siku nyingine ni kweli, na kwa anayevusha marando kutoka Mpondwe kwenda Kasindi, tofauti hiyo ni fedha.

Tuanze na mkubwa. Mabawa yake yakifunguka hufika kama sentimeta 7. Ncha za mabawa ya mbele ni nyeusi, zenye mstari wa madoa meupe. Huruka polepole, kama mtu asiyejali mpaka unafungwa saa ngapi. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Hana haja ya kukimbia, kwani akiwa kiwavi hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu yake hubaki mwilini hata akishaota mabawa. Ndege akimwonja mara moja hamrudii. Yuko Afrika, yuko Asia, yuko hadi Australia. Wamisri walimchora katika kaburi la Nebamun zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mchoro huo leo uko British Museum, London. Shamba lako la viazi silo analolitafuta.

Wa pili ni bandia, na hapa mfanyabiashara aliyezoea kukagua noti hatapata taabu. Ni jike wa Hypolimnas misippus. Hana sumu, ila amevaa sare ya mwenye sumu, na ndege humpisha. Dume lake ni jeusi lenye mabaka makubwa meupe yenye mng'ao wa zambarau. Ukiwaona pamoja huwezi kudhani ni mke na mume. Ili kumtambua jike, tazama bawa la nyuma. Yule halisi ana madoa meusi kama matatu katikati ya bawa. Bandia ana moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Naye si wa kuogopwa shambani.

Anayestahili kutiliwa shaka ni mdogo kuliko hao: sentimeta 3 hadi 4, rangi ya chungwa, kingo za kahawia iliyokolea, bila ile ncha nyeusi yenye madoa meupe. Jina lake ni Acraea acerata. Tatizo ni kwamba ana ndugu wengi wanaofanana naye, na mimi mwenyewe sithubutu kumtaja kwa kumwona akiruka tu. Afadhali kutazama majani.

Hutaga mayai ya manjano hafifu kwa mafungu, juu na chini ya jani la kiazi. Viwavi wakianguliwa hukaa pamoja ndani ya utando kwa muda wa kama wiki mbili, huku wakilitafuna jani. Baadaye hutawanyika, kila mmoja na lake, na mchana hujificha chini kukwepa jua; ndiyo maana shamba laweza kuonekana salama saa sita na kumbe linaliwa. Mwilini wana miiba laini yenye matawi. Wakati wa kiangazi ndipo huzidi.

Kwa hiyo, mama au ndugu unayenunua marando, fungua mzigo kabla ya kulipa. Pindua majani ya ndani, si yale ya juu uliyowekewa uyaone. Ukikuta utando au fungu la mayai, majani hayo yang'olewe na kuchomwa hapo hapo, au mzigo ubaki kwa mwenyewe. Ukiyavusha, kesho mlo wa viwavi utakuwa shamba la mteja wako, na atakukumbuka.

Kama bado una hamu ya kumjua uliyemwona njiani, mpige picha kwa simu, mabawa yakiwa wazi na yakiwa yamefungwa, maana upande wa chini una alama zake. Ukiwa ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, picha itoshe, usimkamate.