Mraba Mmoja, Paa Zima

Paa la sehemu iliyoongezwa kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani limejengwa kwa kurudia mraba mmoja: nguzo nne za pande nane, matao yanayoziunganisha, na juu yake kuba au dari ya upinde. Miraba jirani hutumia nguzo zilezile, kwa hiyo ukumbi hurefushwa kwa kuongeza safu ya nguzo tu. Katika msikiti mdogo wa makuba kisiwani humo, nguzo nne za ndani zinatosha kupata miraba tisa.

Kurudia huko kulitokana na vifaa vya ujenzi vilivyokuwapo. Boriti za mikoko hazivuki nafasi pana, ndiyo maana vyumba vya majumba ya kale ya Songo Mnara, kisiwa jirani, ni virefu na vyembamba. Matumbawe yanayotolewa baharini huchongeka kwa urahisi yakiwa mabichi, kisha hukauka na kuwa magumu. Upanuzi wa msikiti uliofanywa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ulibebwa na nguzo za jiwe zima la matumbawe. Sehemu hiyo ilianguka. Ilipojengwa upya karne ya 15, nguzo ziliundwa kwa mawe madogo na chokaa, kazi isiyohitaji kutafuta jiwe moja kubwa wala kulibeba.

Msanifu wa leo anayetumia kompyuta huanza vilevile na kipande kimoja, lakini hakichori kwa vipimo vilivyofungwa. Hukiandika kama kanuni: upana wa mraba, kimo cha nguzo, mwinuko wa tao. Hivyo ndivyo vigezo vyake. Programu hukipanga kipande hicho juu ya wavu wa mistari, na kila kinapokaa hujirekebisha kulingana na nafasi yake. Upana ukibadilishwa mara moja, paa zima hujichora upya.

Tofauti kubwa iko kwenye gharama. Fundi anayefyatua tofali za nchi sita mjini Lindi hunufaika tofali zote zikifanana, kwa kuwa kalibu ni moja. Jumba la Crystal Palace la London, 1851, lilisimama haraka kwa sababu hiyohiyo: vioo na vyuma vya vipimo vilevile. Mashine inayokata kwa kuongozwa na kompyuta haina kalibu ya kubadilisha, hivyo kukata vipande mia tofauti hakugharimu zaidi sana kuliko kukata mia vinavyofanana. Paa la ua wa British Museum, lililokamilika mwaka 2000, lina vioo 3,312, na hakuna viwili vinavyolingana.

Hata hivyo mzigo haukutoweka. Umehamia kwenye maungio na kuhesabu. Kila kipande lazima kiwe na namba, na kosa la milimita moja katika unene wa kipande hujilimbikiza safu hadi safu mpaka kipande cha mwisho kikatae kuingia. Waashi wa Kilwa walikuwa na nafuu hapo: lipu nene ya chokaa ilifidia kasoro.

Kasoro hizo sasa zinapimika. Mradi wa Chuo Kikuu cha Cape Town uitwao Zamani umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza. Mchoro unaotokana na vipimo hivyo humwezesha mhifadhi kukadiria umbo la mraba ulioanguka kutokana na miraba jirani iliyosalia, mradi asiilazimishe miraba yote ilingane, kwa sababu nguzo za asili hazikusimama kwenye mistari iliyonyooka kabisa.