Gasketi ya ekzosi: bei ndogo, hasara kubwa kwa msafirishaji wa mazao

MFANYABIASHARA anayenunua mazao Ilongero, iwe alizeti, vitunguu au kuku, na kuyapeleka Singida mjini, Dodoma au Dar es Salaam hupiga hesabu zake kwa kuangalia bei ya gunia, bei ya mafuta na ushuru wa njiani. Ni mara chache anapoweka katika hesabu hizo kipande chembamba kinachokaa kati ya silinda hedi na manifoldi ya ekzosi. Hata hivyo, kipande hicho kinapoungua, nguvu ya gari hupungua, mafuta huliwa zaidi, na moshi huweza kuingia ndani ya kabini.

Wiki hii ukurasa wa soko unaeleza namna ya kuichagua na kuifunga gasketi hiyo. Maelezo haya yanawahusu wenye magari, na hali kadhalika wenye mtaji mdogo wanaofikiria kufungua duka la spea katika vituo vya biashara vya vijijini.

Dalili za kuvuja

Kazi ya gasketi ni kuziba mwanya kati ya vyuma viwili ili gesi ya moto ipite kwenye bomba tu. Inapovuja, dalili ya kwanza ni mlio wa "tik-tik" injini inapowashwa asubuhi ikiwa baridi. Mara nyingi mlio huo hupungua injini ikishapata joto, kwa sababu manifoldi hutanuka na kubana mwanya. Ndiyo maana madereva wengi huupuuza. Dalili ya pili ni alama ya masizi meusi pembeni mwa kiungo. Fundi anaweza kuhakikisha kwa kupaka maji ya sabuni kwenye kiungo mara tu injini baridi inapowashwa, na mahali panapovuja patatoa mapovu.

Katika gari lenye turbo, gesi inayovuja kabla ya kufika kwenye turbo ni nguvu iliyopotea. Canter yenye mzigo inayopanda mlima Sekenke ikitoka Igunga itaonekana imechoka, na dereva atakanyaga mafuta zaidi. Katika gari la petroli lenye sensa ya oksijeni, hewa ya nje hupenya kwenye ufa, sensa hudhani mafuta ni machache, na injini huongezewa mafuta yasiyohitajika.

Hatari kubwa zaidi ni kwa binadamu. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Injini za petroli hutoa nyingi kuliko za dizeli. Katika Hiace za zamani injini iko chini ya viti vya mbele, hivyo gesi inayovuja ina njia fupi ya kuwafikia dereva na abiria. Wakati wa upepo na baridi ya Singida vioo hufungwa, na mtu huanza kuumwa kichwa na kusinzia akidhani ni uchovu wa safari.

Aina zilizoko sokoni

Joto la gesi inayotoka kwenye injini iliyobeba mzigo huweza kufika nyuzi 500 hadi 700 za Selsiasi kwa dizeli, na zaidi ya hapo kwa petroli. Kila aina ya gasketi ipimwe kwa joto hilo.

Ya kwanza ni gasketi ya tabaka za bati la chuma kisichoshika kutu, lenye matuta yanayojibana. Hii hudumu sana, lakini inahitaji nyuso zilizonyooka, na matuta yakishalala haifai kurudiwa. Ya pili ina bati katikati na grafiti pande zote. Hii husamehe mikwaruzo midogo, na inafaa kwa injini iliyokwisha tumika miaka mingi. Ya tatu ni shaba tupu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, hivyo haitishwi na joto la ekzosi, na inaweza kutumika tena ikichomwa hadi iwe nyekundu hafifu na kupoozwa ili ilainike.

Aina ya nne ni ile ya kukatwa gereji, kwa boksi au kwa bati la kopo. Wakati spea zilipokuwa adimu, ubunifu huo uliokoa magari mengi. Lakini tangu mwaka 1984 Serikali iliporuhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, sababu ya kuendelea na boksi imezidi kupungua. Boksi huungua, na alumini ya kopo huyeyuka kwenye nyuzi 660.

Aidha, gasketi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 1999 kuipiga marufuku, na nchi wanachama zikapewa hadi mwanzoni mwa mwaka 2005 kutekeleza. Fundi anayebandua gasketi kuukuu asiyoijua ailoweshe kwa maji kwanza, na asiikwangue ikiwa kavu wala kuipuliza kwa kompresa.

Silikoni si dawa

Kosa linalowagharimu wengi ni kupaka silikoni, ile gundi nyekundu ya tyubu, kwenye gasketi ya ekzosi au mahali pake. Hata silikoni inayouzwa kama ya joto kali huishia kwenye nyuzi 300 na kitu. Inafaa kwenye sampu na kifuniko cha vali. Kwenye ekzosi huungua na kuacha mwanya mpana kuliko wa awali, na mvuke wake huweza kuharibu sensa ya oksijeni. Gasketi ya ekzosi hufungwa kavu, isipokuwa mtengenezaji wake ameagiza vinginevyo.

Kinachoziba ni uso ulionyooka na ukazo ulio sawa

Gasketi inayoungua mara kwa mara huwa inalaumiwa bure. Mara nyingi chanzo ni manifoldi iliyopinda, au studi, yaani bolti zisizo na kichwa zinazofungwa nati, iliyokatika. Alumini hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Kwa hiyo silinda hedi ya alumini na manifoldi ya chuma husuguana kila injini inapopata moto na kupoa, na studi ndizo zinazoumia.

Kazi ifuate utaratibu huu. Nati zipuliziwe mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla, na injini ifunguliwe ikiwa imepoa. Nyuso zote mbili zisafishwe bila kuchimbwa kwa tindo. Kisha rula ya chuma iliyonyooka iwekwe juu ya manifoldi na tochi imulikwe kwa nyuma: mwanga ukipita, upimwe kwa vibati vya kupimia nafasi na kulinganishwa na kikomo kilichoandikwa katika kitabu cha injini. Ikizidi, manifoldi iende kwa mkereza vyuma ikasawazishwe. Studi zilizoliwa na kutu zibadilishwe zote.

Kabla ya kufunga, gasketi mpya ilinganishwe na matundu ya hedi, kwa kuwa tundu dogo kuliko la hedi litaziba njia ya moshi na ukingo wake utaungua. Nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu tatu, na awamu ya mwisho iwe kwa spana ya kupimia ukazo. Kwa gasketi ya grafiti au shaba, nati ziangaliwe tena baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuchukue tarakimu za mfano tu, na kila msomaji aweke za kwake. Gasketi duni ni Sh 8,000, fundi Sh 20,000, na faida inayopotea gari linapolala siku moja ni Sh 60,000. Jumla ni Sh 88,000. Ikiungua mara tatu kwa mwaka, mwenye gari amepoteza Sh 264,000.

Gasketi bora ikiwa Sh 25,000, kusawazisha manifoldi Sh 30,000, fundi Sh 20,000 na siku moja ya kulala Sh 60,000, jumla ni Sh 135,000. Ikimaliza mwaka, tofauti ni Sh 129,000. Katika hesabu zote mbili gharama kubwa ni siku iliyopotea, wala si gasketi. Kwa mbeba vitunguu hasara huzidi, kwani mzigo uliokwama njiani huharibika.

Kwa mwenye duka la spea

Mwenye mtaji mdogo asinunue kwa jina la gari peke yake. Hiace moja ina injini ya petroli ya 1RZ, nyingine ya dizeli ya 3L au 5L. Canter nayo ina 4D32 au 4D33. Ni vyema aorodheshe kwanza injini za magari yanayopita kituoni kwake, ndipo aende Singida mjini au Kariakoo na namba za spea mkononi. Ringi za ekzosi za pikipiki zisisahauliwe: ni za bei ndogo, hubanwa mara moja tu, na bodaboda huhitaji mpya kila ekzosi inapofunguliwa.

Anunue kwa risiti, na aangalie kama namba kwenye boksi inalingana na ile iliyo kwenye gasketi yenyewe. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na masuala ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Hatimaye, auze gasketi pamoja na studi na nati zake. Mteja aliyefunga gasketi mpya kwa studi kuukuu atarudi kulalamika, na lawama itakuwa juu ya duka.

Wenye magari wanaojiandaa kwa msimu wa alizeti wanashauriwa kuwasha injini asubuhi ikiwa baridi na kusikiliza kabla hawajapakia mzigo wa kwanza. Gari lenye mlio wa kuvuja lipelekwe gereji kabla mazao hayajaanza kumiminika, maana katikati ya msimu kila siku ya kulala ina bei yake.